Upande wa Chini wa Chokaa

Funguo za stoo nimeshazikabidhi. Maturubai nimeyahesabu mara mbili, ya kwanza mbele yenu na ya pili mlipokwenda kunywa chai, na yametimia. Kamba, vigingi, masufuria makubwa, kipaza sauti na ule waya wake unaoshika ukiushikilia kwa kidole: vyote vipo. Viti vya plastiki vinapungua kimoja. Mliponiuliza nilikohoa, nikaomba maji. Sasa mmesema niwaandikie yale ambayo hayako stoo, basi nitaandika, na kiti nacho tutakifikia.

Kazi yetu mnaijua. Mara moja kwa mwaka uwanja wa kituo chetu cha utamaduni hapa Moshi mjini unajaa mabanda ya makabila na mataifa, kila kundi na chakula chake na ngoma yake, na katikati ya mwaka kuna maonyesho madogo ya mashuleni. Kuhusu vyeo sina la kusema. Nilipata kimoja, kikaja na meza yenye droo isiyofunguka.

Sikuja kituoni kwa sababu ya kupenda tamaduni. Nilikuwa nauza mitumba Kiboriloni, upande wa mapazia na mashuka. Siku moja akaja Mzee Elingaya, mwalimu mstaafu kutoka Machame, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Alitaka mapazia ya jukwaa. Tulivutana mpaka wauza nyanya wakaacha kuuza nyanya wakatusikiliza. Mwisho akayachukua kwa bei yangu, akaomba nimwongezee angalau kamba ya kufungia. Nikamwambia kamba nayo ina bei yake. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama Aika," akasema, "mtu anayeninyima hata kamba, bora awe upande wangu."

Wiki iliyofuata nilikuwa mwajiriwa.

Jukumu langu la kwanza lilikuwa kupatana na kikundi cha ngoma kutoka Upareni. Nilijua kupatana. Niliwabana, nikawabana tena, wakakubali, nami nikarudi ofisini natembea kama mtu aliyeuza kanzu iliyotoboka. Siku ya sherehe uwanja umejaa, wageni wa heshima wamekaa, likashuka gari na watu wenye ngoma. Wapigaji tu. Nikamkimbilia kiongozi wao.

"Kaka, wachezaji wako wapi?"

"Wachezaji, mama? Wale walikuwa kwenye ile bei uliyoikataa."

Wakaanza kupiga. Ngoma inalia, uwanja wa mbele mtupu, watu wanatazamana. Mzee Elingaya akasimama kwenye meza kuu, akavua koti, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani bila kunitazama, akaenda kucheza peke yake. Mlutheri wa Machame, mwalimu wa hesabu, anacheza ngoma ya Wapare asiyoijua. Watu walipiga makofi. Mimi nilikaa na koti mapajani, natamani liwe kubwa zaidi nijifunike nalo. Hakunisema hata siku moja. Ndivyo alivyofundisha: anakuachia aibu yako uibebe mwenyewe, kama alivyoniachia lile koti.

Mengine mengi nilijifunza kwake, na haya mnaweza kuyatumia kesho. Viti vihesabiwe vikitoka na vikirudi, na anayehesabu vikirudi asiwe yule aliyehesabu vikitoka. Chimba mfereji kuzunguka banda hata kama mlima uko wazi asubuhi, kwa sababu mlima ukiwa wazi haina maana kwamba umeahidi kitu. Wachoma nyama wasikae upepo unapotokea kama upande wa pili kuna watu wasiokula nyama. Usipofanya hivyo utatumia mchana mzima kuomba radhi kwa moshi. Waismaili watafika kabla hujapiga kigingi, kwa hiyo wewe fika kabla yao. Kwaya za kutoka milimani zitafika baada ya ratiba kuisha, maana ibada haikatishwi. Basi andika ratiba mbili: moja ya ukutani na moja ya kweli.

Na chokaa. Usiku unaotangulia uwanja unaachwa mtupu. Asubuhi kabla ya mabanda unamwaga chokaa kwa kopo lenye tundu, unarudi nyuma taratibu, mstari unanyooka. Mstari mkubwa wa katikati ndio wa kwanza. Juu yake, upande unaotazama mlima, ni mabanda ya wenyeji: Wachagga, Wapare, Wamasai na wengineo. Chini yake, karibu na lango, ni mataifa ya nje. Wa kwanza kuuchora alikuwa Mzee Elingaya. Alipostaafu akaniachia kopo. Nikaendelea kuuchora pale pale, kwa sababu kwenye nyasi ulishaacha alama, na mtu mwenye kazi nyingi hafuti alama inayomrahisishia kazi.

Katika mataifa ya nje kulikuwa na banda la India, na katika banda la India kulikuwa na Mama Jasu.

Mama Jasu ana duka la vitambaa, nyuzi na vifungo mjini, karibu na soko. Nilimfahamu tangu nikiwa Kiboriloni, maana vifungo vya kurekebishia mitumba nilinunua kwake. Ni mtu pekee hapa Moshi aliyewahi kunishinda kwenye bei. Alinishinda kwa Kichagga. Nilimsalimia kwa Kiswahili, nikaanza kulalamika kwa Kichagga na mwenzangu, eti huyu bibi ana bei kama anauza meno ya dhahabu. Akanijibu kwa Kichagga cha Mwika, cha nyumbani kwetu kabisa, kwamba kwa meno niliyonayo dhahabu ingenisaidia. Nililipa bei yake, nikaomba na msamaha juu. Yaya aliyemlea alikuwa mama wa Mwika. Tangu siku hiyo nilimwamkia shikamoo nikiwa bado ng'ambo ya barabara.

Kila mwaka alikuja. Bhajia, jalebi, vitambaa vya kupendeza vimetundikwa, na juu bendera ya India, ambayo ni mali ya kituo. Niliinunua mwenyewe na nilipunguziwa. Nilikuwa nikimtambulisha kwenye kipaza sauti: "Na sasa, ndugu zetu kutoka India!" Watu wanashangilia, Mama Jasu anainua mkono. Ninyi mngeona tatizo? Mimi sikuliona, na nilikuwa nalitangaza kwa sauti.

Basi mwaka mmoja, sherehe ikiwa imekaribia, akaja ofisini kwa miguu. Alikuwa amezeeka, anatembea ameshika ukuta. Nikamwinukia.

"Shikamoo, Mama Jasu."

"Marahaba. Mwaka huu nataka kupika kiburu."

Kwa msomaji asiye wa huku: kiburu ni ndizi na maharage, vinachemshwa pamoja na magadi kidogo, vinapondwa kwa mwiko mpaka vinashikana. Hakina nyama. Ni chakula cha nyumbani. Hakuna anayempikia mgeni kiburu akitaka kujionyesha.

"Kiburu?" nikasema. "Kwenye banda la India?"

"Nani kasema la India? Nipe nafasi kule juu."

"Mama Jasu, kule juu ni wenyeji."

"Ndiyo. Nakusikiliza."

Hapo nilipaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa na mabanda, nina ratiba mbili, nina akina mama wa Mwika ambao tayari walikuwa na kiburu chao na hawapendi mpinzani. Na nilikuwa na mdomo wangu wa Kiboriloni, ambao ukishaona mtu anataka kitu unaanza kukipandisha.

"Kiburu tunacho," nikamwambia. "Watu wanasubiri bhajia zako mwaka mzima. Wewe tuletee vya kwenu."

"Vya kwetu," akasema.

"Eeh, vya kwenu."

"Sawa, Mama Aika. Nitaleta vya kwetu."

Nikamsindikiza mpaka mlangoni nikijiona nimepatana vizuri. Hakuwa amebishana. Mtu aliyenishinda kwenye vifungo anakubali haraka hivyo, nami sikujiuliza kwa nini.

Siku ya sherehe alikuwepo chini ya bendera, bhajia zinatoka, foleni ndefu. Akaja mgeni wa Kizungu, mama mwenye kofia pana, anapita kila banda na maswali. Kiingereza changu ni cha kuuzia mapazia lakini kinatosha, nikawa mkalimani.

"Mama Jasu, mgeni anauliza, ulikuja lini Tanzania?"

Mama Jasu hakumtazama mgeni. Alinitazama mimi.

"Mwambie nimekuja saa moja asubuhi. Na bajaji."

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Nikamtafsiria mgeni kitu kingine. Mgeni akauliza tena.

"Anasema, huwa unarudi nyumbani mara kwa mara?"

"Kila jioni. Nikishafunga duka."

"Mama Jasu, anamaanisha India."

"Najua anachomaanisha yeye. Nataka kujua unachomaanisha wewe. India sijawahi kufika, Mama Aika. Mimi na baba yangu tumezaliwa nyuma ya duka lile lile unalokuja kunililia bei."

Akainama taratibu, akainua kitambaa cha meza, akatoa chungu. Alikuwa amekiweka chini kwenye majani, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Akachota, akaweka kwenye kisahani cha bhajia, akaninyooshea.

"Uliniambia nilete vya kwetu. Kula."

"Mama, nitakuja baadaye, nina ratiba..."

"Kula hapo hapo. Chini ya bendera yako."

Nikala nimesimama, kipaza sauti kwapani, watu wote wananitazama. Kilikuwa kimepoa. Kilikuwa na ule uchungu mdogo wa magadi ambao mama yangu alikuwa akiuacha makusudi, na ambao akina mama wa Mwika wa kule juu siku hizi wanauondoa ili watalii wasikunje uso. Nilitaka kusema kitu. Nilichosema, Mungu ananisikia, ni "kitamu". Kama vile ndicho kilichokuwa kinaulizwa.

Aliondoka kabla ya kufunga. Siku chache baadaye akatuma bendera ofisini, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe. Aliyeileta alisema, "Mama anasema hii ni bendera yenu. Na anasema mwakani msimwekee banda."

Mimi ni mtu wa sokoni. Nimeshatukanwa na watu wenye vipaji vya kutukana, nikalala vizuri. Ile bendera iliyopigwa pasi sikuweza kulala nayo. Kila nikipita mjini nilizunguka mtaa mzima nisipite mbele ya duka lake. Vifungo nilianza kununua kwingine, vibovu, kwa bei nzuri.

Mwishowe nikaamua kwenda na isale. Kwa wasiojua: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, lile shamba la ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Umemkosea mtu, unampelekea jani la isale, na desturi haimruhusu akatae. Nikaona hapo nimepata bei nzuri: jani moja tu na mambo yamekwisha. Nikachuma kwenye ua wa jirani hapo Kiboriloni, nikalikunja, nikalitia kwenye mkoba, nikaenda.

Mama Jasu alikuwa kwenye baraza ya duka. Nikatoa jani.

"Limetoka wapi hilo?"

"Kwa jirani yangu."

"Unaniomba msamaha kwa isale la jirani. Jirani amenikosea nini?"

Wateja wawili waliokuwa wanapima khanga wakaacha kupima.

"Na aliyekutuma yuko wapi?" akaendelea. "Isale hupelekwa na mtu mzima aliyetumwa. Mkosaji habebi mwenyewe kama anapeleka mchicha. Mchagga gani wewe? Mama aliyenilea angekucharaza. Nenda nyumbani ukaulize watu wenu."

Nikarudi na jani langu kwenye mkoba. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa najua kwamba ni sahihi. Nilikuwa nimepunguza tu, kama nilivyowapunguza Wapare.

Nikapanda Mwika. Kwenye kihamba cha marehemu baba, mpakani, nikachuma isale jingine, pamoja na kipande cha shina lake. Kisha nikapanda Machame kwa Mzee Elingaya. Alikuwa ameshakuwa mzee wa fimbo, amekaa nje, anamsomea gazeti ng'ombe wake wa maziwa. Nikamweleza yote, mpaka lile neno "kitamu". Alisikiliza, akakunja gazeti vizuri, kama lile koti.

"Mstari niliuchora mimi," akasema. "Nilikuwa nasoma naye shule, unajua? Darasa moja. Sikumbuki hata kidogo kwa nini nilimweka chini."

"Mzee, wewe ulikuwa na mengi."

"Wote tulikuwa na mengi, Mama Aika. Niletee viatu."

Tulishuka naye. Pale dukani niliambiwa nisimame nje, kama desturi inavyotaka, yeye akaingia na jani. Walizungumza Kichagga, kwa sauti ya chini, muda mrefu. Nilisikia wakicheka mara moja. Kisha nikaitwa.

Mama Jasu alikuwa na jani mkononi, analigeuza geuza.

"Nimelipokea," akasema. "Nimewasamehe nyote wawili, huyu mzee, meku wetu, na wewe. Sasa nikwambie jambo. Ninyi mkiulizwa kwenu ni wapi, mnaonyesha makaburi yenye masale. Sisi wetu tunawachoma. Baba, mama, mume wangu, majivu yao tuliyatia kwenye mto unaoshuka huo mlima. Nikiulizwa, nionyeshe nini? Ndiyo nikasema, nitapika kiburu, nitawaonyesha hicho."

"Mama Jasu, mwaka huu utapika. Kule juu. Banda la kwanza kabisa."

Akanyoosha mikono yake juu ya kaunta, nami nikaiona kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ya kuitazama ikipima utepe. Vidole vilikuwa vimepinda kuelekea upande mmoja, vinatetemeka.

"Hiyo mikono ya kuponda ilikuwa ya mwaka ule," akasema. "Kwa nini unadhani nilikuja kwa miguu mpaka ofisini kwako? Nilijua ni mara ya mwisho. Kusamehe nimekusamehe, Mama Aika. Kupika, sipiki tena."

Mzee Elingaya alitazama viatu vyake.

Sherehe iliyofuata sikuchora mstari wa katikati. Nyasi zilikuwa bado na alama, nikamwaga majivu na kuzilima kwa jembe mpaka walinzi wakadhani natafuta kitu. Mabanda niliyapanga kwa duara. Kuna waliolalamika kwamba hawajui waanzie wapi, na hiyo ni kweli, ni mpango mbaya kwa foleni, mtarekebisha. Lakini asubuhi, kabla hata ya Waismaili, bajaji ikasimama langoni. Akashuka Mama Jasu. Miguuni pake kulikuwa na kopo kubwa la rangi, na ndani ya kopo, lile isale tulilompelekea limeshika mizizi, lina majani mapya.

"Niwekee kiti," akaniambia. "Hapo, kati ya Mwika na Wapare."

Nikamwekea. Akakaa na kopo lake pembeni. Hakuwa na meza, wala bendera, wala chakula. Watu walipita, wakasimama, wakauliza kama wanavyouliza kila banda.

"Bibi, hapa mnaonyesha nini?"

"Hapa sionyeshi. Hapa nimekaa."

Alikaa hivyo mpaka jioni. Akina mama wa Mwika walimletea kiburu, akakionja, akawaambia kwa Kichagga kwamba magadi yanauzwa sokoni na si ghali. Mimi nilikuwa kwenye kipaza sauti siku nzima, natambulisha mabanda yote, na nilipofika kwake sikujua nimtambulisheje. Nilitaja jina lake tu, na mtaa wa duka lake. Akainua mkono.

Jioni bajaji ikaja, akapandisha kopo, akapandisha na kiti. Niliona. Mtunza stoo aliona, akaniangalia, nikamwambia aendelee na maturubai.

Basi kiti chenu kiko wapi mmeshajua. Kiko kwenye baraza ya duka la Mama Jasu, kando ya lile kopo, na isale sasa limefika begani kwa mtu aliyekaa. Msiende kukidai. Mkiona hesabu haitimii, ni mimi.

Siku hizi sina kazi, kwa hiyo sina sababu ya kuzunguka mtaa. Ninapita mbele ya duka. Mara nyingine bado natembea ng'ambo ya barabara, nikijifanya natazama maboga ya watu, na yeye ananiita kwa sauti mpaka wauzaji wote wanageuka: "Wewe Mama Aika! Unapita kwetu bila kusalimia?" Ninavuka. Ninaamkia shikamoo. Anaitikia, ananionyesha jani jipya, ananiambia karibu ukae.

Kiti ni kimoja, na amekikalia yeye. Mimi husimama.